Hita ya gesi ya kufunga nje: kabla hujauliza bei, uliza nozeli

Malalamiko ninayoandikiwa kuhusu hita za gesi yanafanana kiasi kwamba nikisoma mstari wa kwanza najua wa mwisho. Hita ni mpya, imefungwa nje ya nyumba kama inavyotakiwa, lakini moto wake ni wa njano, ukuta juu ya bomba la moshi umeanza kuwa mweusi na mtungi unaisha upesi mno. Au kinyume chake: moto ni wa bluu lakini hafifu, nyumba haishiki joto, na fundi anasema ndivyo hita hiyo ilivyo. Wa kwanza aliuziwa hita ya gesi asilia akaiunga kwenye LPG ya mtungi. Wa pili aliuziwa hita ya LPG akaiunga kwenye gesi asilia ya bomba. Wote walimuuliza muuzaji, na wote walijibiwa, "Gesi ni gesi."

Kwa hiyo sitapoteza muda na rangi, kelele wala rimoti. Hayo yameandikwa kwenye boksi, na yameandikwa kwa mbwembwe. Mimi nina ugomvi na kitu kimoja ambacho hakuna boksi linalokitaja kwa herufi kubwa.

Ukifungua kifuniko cha mbele cha hita, ukafuata bomba la gesi hadi linapokutana na kichomeo, utaona kipande cha shaba kinachotosha juu ya ncha ya kidole. Katikati kina tundu ambalo ungeweza kuliziba kwa sindano, na ubavuni kimepigwa chapa tarakimu. Hiyo ndiyo nozeli. Gesi yote itakayopasha nyumba yako joto inapita hapo, na ukubwa wa hilo tundu umepimwa kwa gesi ya aina moja tu.

LPG, yaani propani, butani au mchanganyiko wake, ina nishati kama mara mbili na nusu ya gesi asilia kwa ujazo uleule. Tena hufika kwenye hita ikiwa na presha kubwa zaidi: kwa viwango vya Ulaya ni milibari 20 kwa gesi asilia na 37 kwa propani; Marekani wanapima kwa inchi za maji, kama 7 kwa gesi asilia na 11 kwa propani. Ndiyo maana tundu la LPG hutengenezwa dogo. Ukipitisha LPG kwenye tundu la gesi asilia unapata karibu mara mbili ya moto ambao hita iliundiwa, na hewa inayoingia haitoshi kuuchoma wote. Hapo ndipo yanapotoka masizi, na pamoja na masizi inatoka kaboni monoksidi, sumu ambayo haina rangi wala harufu. Ile harufu kali tunayoijua ni kemikali inayoongezwa kwenye gesi mbichi ili ikivuja tujue. Moshi wa gesi iliyoungua vibaya hauna mlinzi huyo.

Najua jibu litakalokuja: si hita iko nje? Iko nje, sawa. Lakini hita kubwa za nje hupuliza hewa ya nyumbani kwako kuzunguka sanduku la chuma ambalo ndani yake moto unawaka, kisha hewa hiyo inarudi vyumbani. Moto uliozidi kipimo unalichosha hilo sanduku, na sanduku lililochoka hupata ufa. Ikifika hapo, kuwa nje hakukusaidii kitu, maana feni yenyewe ndiyo inayokuletea sumu kitandani. Kuna dalili moja ambayo mafundi wazuri huitazama kabla ya kutoa kifaa chochote: wanawasha hita na kuutazama moto ukiwa umetulia, halafu wanasubiri feni ianze. Feni ikianza na moto ukayumba, hita inazimwa hapohapo na haiwashwi tena mpaka sanduku likaguliwe.

Basi dukani usiombe kuonyeshwa hita ikiwaka. Omba kuonyeshwa kibandiko cha maelezo, kile cha bati au karatasi ya fedha kilichobandikwa ubavuni au ndani ya kifuniko. Kwenye vifaa vya Ulaya tafuta G20, ndiyo gesi asilia. G30 ni butani, G31 ni propani. Kwenye vya Marekani utakuta imeandikwa kwa maneno au kwa kifupi, NG au LP. Kama kibandiko kimekwanguliwa, kimefunikwa na kibandiko cha duka au "kilidondoka njiani", ondoka. Sijawahi kusikia sababu nzuri ya kibandiko kudondoka.

Hita nyingi zinaweza kubadilishwa kutoka gesi moja kwenda nyingine, na hilo si tatizo likifanywa kwa vipuri vya kiwanda kilekile. Vipuri maana yake si nozeli kuu pekee. Kuna nozeli ya moto mdogo wa kuwashia, na mara nyingi kuna springi ya vali ya gesi inayobadilishwa ili presha iendane. Fundi akimaliza anatakiwa abandike kibandiko kipya kinachosema hita sasa ni ya gesi gani. Kinachofanyika madukani ni kingine kabisa. Pakiti ya vipuri, ambayo ni vipande vichache vya shaba, inauzwa kwa bei ya kukomoa; mteja anashtuka; ndipo anapotokea kijana na keekee nyembamba anayesema atalitanua tundu kwa nusu ya hiyo bei. Tundu lililotanuliwa kwa mkono halina kipimo na mara nyingi limekaa upande. Muuzaji anajua, fundi anajua, na wewe ndiye utakayelala humo.

Sasa mpangilio wangu wa hita zenyewe, nami sifichi upendeleo.

Ya kwanza ni Rinnai ya ukutani, ile wanayoiita EnergySaver. Najua tunazungumzia hita ya kufunga nje na hii mwili wake unakaa ndani. Lakini ni ya mfumo uliofungwa: inavuta hewa ya kuchomea kutoka nje na kutoa moshi nje kupitia bomba linalotoboa ukuta, na hewa ya chumba haikutani na moto kabisa. Kwa viwango vya Ulaya hita za namna hii zinaangukia aina C, na hiyo herufi uikariri: aina B inakula hewa ya chumba na kutoa moshi kwa bomba, aina A haina bomba kabisa. Rinnai, kampuni iliyoanzia Nagoya, Japani, mwaka 1920, imenishika kwa jambo dogo. Jina la modeli lenyewe linakuambia gesi. EX22DTN, ile N ya mwisho ni gesi asilia. EX22DTP ni propani. Hata muuzaji mwongo inabidi akwangue herufi ili akudanganye. Tena inaongeza na kupunguza moto yenyewe badala ya kuwaka yote na kuzima yote, kwa hiyo chumba hakipandi joto na kushuka kila baada ya muda mfupi. Ubaya wake ni kwamba inahitaji umeme wa feni, na ni ya eneo moja la nyumba. Nyumba ya vyumba vingi vyenye milango itataka zaidi ya moja.

Ya pili ni hita kubwa yenyewe ya kusimama nje, sanduku zima lenye kichomeo na feni, linalounganishwa na nyumba kwa njia mbili za hewa, moja ya kupeleka na moja ya kurudisha. Carrier, Trane, Rheem na Goodman wote wanazitengeneza, mara nyingi zikiwa na kipoza hewa ndani ya sanduku hilohilo. Kwa nyumba nzima hii ndiyo yenye akili, na mtungi, moto na moshi vyote vinabaki nje. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya ule ufa niliousema, na kwa sababu ya jinsi zinavyofungwa. Ufungaji ndio unaoiua.

Kosa kubwa ni kibanda. Mtu ananunua hita ya nje, anaogopa mvua na wezi, anaijengea kibanda cha mabati chenye mlango na kufuli. Hapo amekwisha kuigeuza hita ya ndani isiyo na bomba la moshi, inavuta moshi wake yenyewe na kuurudia. Hita ya nje imeundwa kunyeshewa. Ukitaka kuilinda, weka wavu wa chuma ulio mbali nayo kwa umbali ulioandikwa kwenye kitabu chake, usiifunike juu. Ikae juu ya slabu ya zege iliyonyooka na kuinuka juu ya ardhi, maji na majani yasiifikie. Tundu la moshi lisitazame dirisha, mlango wala tundu lolote linaloingiza hewa ndani, na usiiweke kwenye kona ambako upepo unazunguka na kurudisha moshi.

Mtungi usimame wima, nje, kamwe si kwenye shimo wala chumba cha chini. Propani ni nzito kama mara moja na nusu ya hewa, butani kama mara mbili. Ikivuja inatambaa chini na kutulia mahali pa chini kabisa. Gesi asilia ni nyepesi, hiyo hupanda. Uliza pia mtungi umejazwa nini. Butani huacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi 0, propani hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Mtungi wenye butani nyingi ukiwekwa nje utakugomea usiku wa baridi kali, yaani usiku uleule uliununulia hita. Na mpira wa jikoni pamoja na regyuleta yake viache jikoni. Hita ya kilowati 20 inakula karibu kilo moja na nusu ya LPG kwa saa ikiwaka kwa nguvu zote, na regyuleta ina kiwango chake kimeandikwa juu yake, kilo kwa saa. Kisome. Kwa hesabu hiyo mtungi wa kilo 10 haufiki saa 7, na wengi hulazimika kuunga mitungi kadhaa, kwani mmoja ukivutwa sana hupoa, huganda barafu nje na gesi hupungua.

Halafu kuna buibui. Msicheke. Buibui hupenda kutaga ndani ya mirija ya vichomeo vya gesi, na utando mmoja unatosha kuzuia hewa hadi moto uanze kurudi nyuma, nje ya mrija. Baada ya msimu ambao hita haikuwashwa, mirija isafishwe kwanza. Kijitundu cha kupumulia cha regyuleta nacho kielekezwe chini, kisiingize maji wala wadudu kujenga.

Siku ya kufunga, simama hapo. Fundi apime uvujaji kwa maji ya sabuni kwenye kila kiungo, si kwa kiberiti. Apime presha kwa manomita wakati hita inawaka, maana presha ya gesi iliyosimama haikuambii kitu. Asiyekuwa na manomita hajafunga hita, ameiunganisha tu. Na kama unaishi nyanda za juu, mwambie mapema: hewa ni nyepesi huko, na kanuni inayotumika sana ni kupunguza nguvu ya hita kama asilimia 4 kwa kila mita 300 hivi, jambo linalofanywa tena kwa nozeli. Wauzaji huuza kilowati za kwenye boksi, zilizopimwa usawa wa bahari, na hapo wanatoza kila kilowati.

Ya tatu ni hita za ukutani za Empire na Williams, zile za mfumo uliofungwa zisizohitaji umeme. Moto mdogo wa kuwashia hupasha kifaa kinachozalisha umeme kidogo wa kuendesha vali, basi. Umeme ukikatika unaendelea kupata joto. Kama umeme wako ni wa kubahatisha, ipandishe hadi nafasi ya kwanza, sitakuzuia.

Za bei rahisi, zile za kuburuta zenye mtungi mgongoni na zisizo na bomba la moshi, nitazipa mistari michache. Zina kihisio cha oksijeni kinachozima moto oksijeni ikishuka hadi kama asilimia 18, na wauzaji wanakitaja kama kwamba kinanusa kaboni monoksidi. Hakinusi. Kila kilo ya LPG inayoungua humo pia inaacha zaidi ya lita moja na nusu ya maji chumbani, ndiyo ile jasho ya madirisha na ukungu wa kuta. Si za kulalia. Zile za mwavuli za barazani zisivuke kizingiti kabisa.

Hita yoyote utakayochagua, nunua kengele ya kaboni monoksidi, iliyoandikwa EN 50291 (kiwango cha Ulaya) au UL 2034 (cha Marekani), na uiweke karibu na vyumba vya kulala. Duka litakuuzia kama pambo la ziada, kwa bei ya pambo. Igeuze nyuma kabla ya kulipa. Kihisio chake huzeeka hata kikiwa ndani ya boksi, na tarehe ya mwisho imepigwa chapa hapo. Kama imebaki miaka miwili, akupe nyingine au apunguze bei.