Faili la mkoloni au mdomo wa babu?

Ukitaka kujua Wasukuma waliishije chini ya Mwingereza kuna njia mbili, nyaraka za serikali ama masimulizi ya wazee, na watu wanazibishania kama Simba na Yanga.

Nyaraka zina tarehe, hapo sibishi. Vile vitabu vya wilaya waliokuwa wanaandika maDC vinakupa majina ya watemi (machifu wa Kisukuma), kodi, idadi ya ng'ombe. Ila anayeongea mle ni bwana mkubwa tu, mkulima akigoma anaandikwa mkaidi basi, kwa nini kagoma hamna.

Sasa babu yangu huku Magu ukimuuliza zile sheria za baada ya Vita vya Pili vya Dunia, za kupunguza mifugo na kulima pamba kwa matuta, anaacha hadi kula. Anakwambia ng'ombe ndio mahari, ndio benki, afu mtu anakuja na daftari anakwambia punguza, "we mjukuu wangu ungekubali?" Hiyo kwenye faili huikuti. Wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar miaka ya 1960 ndo waliligundua hilo wakaanza kumweka Mwafrika katikati ya historia yake.

Shida ya babu ni miaka, anachanganya 1947, mpango wa hizo sheria ulipoanza, na 1958 ya vurugu za Geita, watu walipoigomea serikali, na watemi wa ukoo wake wote eti walikuwa wema, mmh.

Mimi naanza na wazee, faili nafungua baadae kusaka tarehe. Faili halifi, babu ana miaka tisini na kitu.