Tathmini: boti ya chuma ya futi 57 kwa makazi ya familia kwenye mifereji ya Uingereza

Kwa familia ya watu watatu ambayo imeishi kwenye boti ya futi 40 na sasa nafasi haiitoshi, ninapendekeza boti nyembamba ya futi 57, hata kama fedha zinaruhusu kununua ndefu zaidi. Upana hauna mjadala, kwa sababu mhandisi James Brindley na mafundi wa karne ya 18 waliomfuata walijenga malango ya maji, yaani vyumba vyenye milango vya kupandishia na kushushia boti, yenye upana wa futi 7 hivi, na ndiyo maana boti hizi hazizidi futi 6 na inchi 10. Anayetaka nafasi hana budi kuitafuta katika urefu.

Urefu nao una mpaka wake. Malango mengi ya mifereji myembamba hupokea boti ya futi 70, lakini yale ya mfereji wa Leeds and Liverpool, kati ya Wigan na Leeds, yalijengwa kwa boti za futi 60 hivi, na ya mfereji wa Calder and Hebble ni mafupi zaidi; boti ya futi 57 hupita kote huko. Jambo hili lina uzito mkubwa kwa asiye na maegesho ya kudumu, maana sheria ya mwaka 1995 inamtaka awe safarini na asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo pasipo sababu ya msingi. Leseni ya Canal & River Trust, shirika linalosimamia mifereji, nayo hupanda kadiri boti inavyorefuka.

Boti tuliyoikagua iliundwa mwaka 2004 na ilikuwa ikiuzwa kwenye bandari ndogo huko Northamptonshire. Sebule iko upande wa omo, pamoja na jiko la chuma la kuchoma kuni na makaa ambalo hupasha joto hadi katikati ya boti. Kabati za jikoni zinapendeza sana, na dalali alituonyesha hizo kwanza. Mimi ningemsihi kila mnunuzi aanzie chini, kwenye chuma chenyewe, kwa kuwa kabati hubadilishwa kwa wiki moja, ilhali bamba lililoliwa na kutu linaweza kumaliza akiba yote ya familia.

Tangazo lilisema kwamba boti ilikuwa imepakwa lami karibuni. Ilipotolewa majini, tuliona lami hiyo imepakwa juu ya kutu ambayo haikukwanguliwa, hasa kwenye mstari wa maji karibu na tezi, na vipande vya magnesi vinavyoliwa na kutu badala ya boti vilikuwa karibu kwisha. Mkaguzi tuliyemlipa wenyewe alipima unene kwa mawimbi ya sauti: sakafu, iliyoanza na milimita 10, ilikuwa 8.9, lakini ubavu ulioanza na milimita 6 ulikuwa umeshuka hadi 4.6 mahali pabaya kuliko pote. Makampuni mengi ya bima hayataki bamba lipungue chini ya milimita 4, hivyo muda uliobaki si mrefu. Ndani, kwenye kifuniko cha sakafu chini ya ngazi za nyuma, mkono uliingia ngamani, chini kabisa ya boti ambako maji hukusanyika, na kutoka na maji machafu yenye harufu ya dizeli, na matofali ya farumi, yaani uzito wa kuituliza boti, yalikuwa yamelowa.

Pamoja na hayo, ninaihesabu kuwa boti nzuri, mradi bei ipunguzwe kwa kiasi cha gharama ya kukwangua, kupaka lami upya na kuziba uvujaji wa mafuta. Injini huwaka mara moja, cheti cha usalama, ambacho hutolewa kwa miaka 4, bado kina muda, na choo ni cha chombo kinachobebwa, ambacho mimi nakipendelea kuliko tangi kubwa linalosubiri pampu wakati mfereji umeganda. Mwenye mtoto apime pia kitanda kidogo cha katikati: kina futi 5 na nusu tu, na ukuta wa bafu hauruhusu kukirefusha.