Hadubini ya mfukoni ya mara 60 hadi 120: inamwonyesha utitiri, haikupi jina lake

Hadubini hizi ndogo za plastiki, zenye taa ya LED na betri moja ya AA, zinauzwa kwa majina mengi ya biashara ila umbo ni lilelile: gurudumu la kulenga ubavuni, kitelezi cha kuongeza ukuzaji, na mguu wa plastiki angavu unaokaa juu ya unachokitazama. Hapa inapimwa kwa kazi moja: kumtambua utitiri wa nyanya kabla hujatoa hela ya dawa au ya wadudu rafiki.

Pale inapofaa, inafaa kweli. Utitiri mwekundu jike aliyekomaa ana urefu wa nusu milimita hivi, kwa hiyo hata lensi ya mkono ya mara 10 inamtosha. Utitiri wa kutu (Aculops lycopersici) hafiki robo milimita, na kwa lensi hiyo anaonekana kama vumbi tu. Kwa mara 60 anajitokeza wazi: mwili wa njano uliochongoka nyuma kama karoti, miguu minne, yote mbele. Utitiri mwekundu mzima ana minane. Angalia usichanganywe na lava wa utitiri mwekundu, aliyetoka kuanguliwa, maana yeye ana sita. Na wa kutu hafumi utando kabisa. Shina linageuka rangi ya shaba kuanzia chini, wengi wakadhani ni ugonjwa wa ukungu.

Utitiri rafiki, anayewala utitiri wekundu, naye hajifichi. Phytoseiulus persimilis, anayeuzwa kwa ajili ya waridi na mboga za kwenye banda, ana umbo la tone la maji, anang'aa rangi ya chungwa, miguu mirefu, na anakimbia wakati walaji wa majani wanajikokota. Mayai yake ni marefu kidogo kama ya kuku na ni makubwa karibu mara mbili ya yale ya mviringo ya utitiri mwekundu. Tofauti hiyo ya mayai ndiyo ya kuaminika kuliko rangi.

Sasa ugumu. "Utitiri mwekundu" kwenye nyanya za Afrika Mashariki anaweza kuwa Tetranychus urticae, T. evansi au T. ludeni. Vitabu humchora urticae akiwa wa kijani mwenye madoa mawili meusi ubavuni, lakini ana umbo jekundu pia, lililoitwa kwa muda mrefu T. cinnabarinus, na hilo halitofautiani na evansi kwa macho wala kwa hadubini hii. Anayekuuzia kwa kusema "soma rangi" anakudanganya.

Tofauti zenyewe ziko kwenye vitu viwili. Kwenye ncha ya mguu wa kwanza wa jike kuna jozi mbili za vinyweleo pacha: kwa urticae, vinyweleo vinne vya kawaida vimekaa nyuma ya jozi iliyo karibu na mwili, kwa evansi na ludeni vimepangana nayo mstari mmoja. Cha pili ni umbo la kiungo cha uzazi cha dume, na hicho ndicho kinachomtenga evansi na ludeni. Lazima dume alazwe ubavu kwenye slaidi, asafishwe kwa asidi ya laktiki, awekwe katika kimiminika cha Hoyer (cha kumshikilia kwenye slaidi), kisha atazamwe kwa mara 400 hadi 1000. Dume akilala chali, slaidi hiyo haina kazi. Ndiyo maana kusanya madume 20 au zaidi (wadogo, nyuma wamechongoka) katika alkoholi ya asilimia 70, uwapelekee wenye maabara.

Kuhangaika huko kuna sababu. Evansi, aliyetoka Amerika Kusini na kuonekana Zimbabwe mwaka 1979, hamfai persimilis kama chakula. Ukimwachia persimilis kwenye nyanya zenye evansi, hela imekwenda. Mnavu wa pembeni mwa shamba unamlea evansi pia.

Kasoro za kifaa: uwanja wa kuonea ni finyu, na ukifika mara 120 picha inafifia, kwa hiyo kitelezi kiache mwanzoni. Mguu wa plastiki unakandamiza nywele za jani la nyanya na kuwaponda utitiri. Kata kipande cha jani cha sentimita 2, kiweke juu ya kadi ngumu, upande wa chini ukiangalia juu, kisha shusha hadubini taratibu. Wakikimbia, weka jani kwenye friji dakika 10. Utando ukiwa mzito taa inarudisha mng'ao. Zima LED, tumia mwanga wa dirisha kutoka pembeni.

Kwa kukagua shamba, alama 4 kati ya 5. Kwa kutaja spishi, sifuri.