Pipa la kuku wa moshi, na fundi aliyeniuliza "unautoa uende wapi?"

"Mama, moshi si ndiyo unaoutaka? Sasa nikikutobolea tundu, unautoa uende wapi?"

Hayo ndiyo maneno niliyoambiwa na fundi wa kuchomelea aliyenitengenezea pipa la kupikia kuku wa moshi, mbele ya vijana wake watatu na muuza kahawa aliyekuwa anapita na birika lake. Wote wakacheka. Na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nikacheka nao. Hela nimeshazisamehe. Kicheko kile ndicho kinaniamsha usiku.

Vipimo vya pipa siandiki, pipa kila mtu analijua. Naandika kwa sababu watu wawili watatu waliona picha ya kuku kwenye simu yangu wakaniuliza fundi ni nani, na kila nikitaka kujibu napanda hasira upya. Basi nimwage yote hapa.

Kuku choma siongelei. Kuku choma Dar wako kila kona. Mimi nilikuwa namtaka kuku mzima wa moshi, yule anayekaa saa tatu hivi mbali na moto, anapata rangi ya asali iliyoungua kidogo, ukimshika paja linakuachia mkononi. Nimekulia Kigoma mie. Mgebuka wa moshi, samaki wetu wa ziwani, ndio utoto wangu, harufu yake naijua hata nikiwa usingizini. Kwa hiyo nilipoamua kutengenezesha pipa sikuwa naiga video za watu. Nilikuwa najua ninachokitafuta. Au nilidhani najua, tutafika huko.

Fundi nilielekezwa na jirani. Tukapatana laki moja na themanini, advansi laki moja. Ilikuwa kipindi cha masika, maana nakumbuka nilivuka dimbwi kwenda kumwona, na "njoo Jumamosi" yake ikazaa Jumamosi tatu. Hilo simlaumu sana, fundi asiyekuzungusha huwa namtilia shaka. Nilichosisitiza ni kimoja: pipa liwe la mafuta ya kula, lisiwe lililobeba rangi wala kemikali. Akaniapia. Na kwa hili lazima niseme ukweli, alitimiza. Nilipolifungua bado lilikuwa linanuka mawese, na nilipoliwashia kuni kavu mchana mzima kuunguza kila kilichobaki ndani, halikutoa harufu yoyote ya ajabu.

Tatizo ni mfuniko. Nilipoenda kulichukua nikaona umekaa vizuri mno, umebana kama sufuria la presha. Chini kuna kimlango kidogo cha kutia mkaa. Juu hakuna kitu. Nikauliza, kwa upole kabisa, "Fundi, moshi utatokea wapi?" Ndipo nikapewa jibu lile hapo juu. Kijana mmoja akaongezea, "Mama anataka kuwapikia majirani." Wakacheka tena. Nikalipa themanini zilizobaki, nikalipakia kwenye guta, nikaenda zangu.

Sasa siku yenyewe. Wakwe zangu walikuwa wamekuja kutoka Tanga, mama na baba. Mama mkwe wangu ni mtu wa maneno machache na ulimi mkali wa chakula. Ukiweka hiliki moja zaidi kwenye pilau atajua, na hatasema, atakutazama tu. Nikasema leo ndiyo leo.

Nilijiandaa, msinione mvivu. Kuku wa kisasa, kilo mbili kasoro. Usiku nilimlaza kwenye ndoo ya maji ya chumvi, gramu sitini kwa kila lita, nimepima kwa mizani na siyo kwa kukisia, pamoja na vitunguu saumu vilivyopondwa. Asubuhi nikamtoa, nikamfuta, nikamweka kwenye friji bila kumfunika ili ngozi ikauke, kwa sababu ngozi yenye maji haishiki rangi vizuri. Nikampaka pilipili manga, tangawizi, paprika na mafuta kidogo. Kuni nilikuwa na mwembe mkavu, jirani aliukata mwaka uliopita, umekaa juani mpaka ukigonga vipande viwili vinalia. Mkaa chini, mwembe juu yake, kuku juu kabisa kwenye wavu. Nikafunika. Nikakaa kwenye kigoda na chai yangu kama malkia.

Dakika kumi hazijaisha, moto ukaanza kufa. Nikafunua, ukalipuka. Nikafunika, ukafa. Moshi ulikuwa mweupe, mzito, kama wa mtu anayechoma majani mabichi, unajipenyeza pembeni mwa mfuniko kwa kujilazimisha. Kipimajoto changu cha Kariakoo kilipanda mpaka nyuzi 120, kikashuka 90, kikashuka 80. Nilipuliza kile kimlango cha chini kwa ungo. Nilipuliza kwa mdomo. Dada wa kazi alileta kifuniko cha ndoo akawa ananisaidia kupepea, tukabadilishana zamu kama wanaopiga ngoma. Saa nne zikapita. Nikachoma kipimajoto kwenye paja, pale karibu na mfupa: 61. Kuku hahesabiki ameiva mpaka afike nyuzi 74, hilo halina mjadala, nyama ya kuku siyo ya kujaribia bahati.

Lakini kwa macho! Sitasema uongo, kwa macho alikuwa mzuri. Mweusi, anang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Dada wa kazi alimpiga picha. Picha hiyo ndiyo mnayoniulizia wengine wenu. Sasa mjue.

Nikamkata vipande nikammalizia kwenye mafuta ya moto, maana wageni wameshanawa mikono. Tukatenga. Mama mkwe akachukua kipande cha kidari, akatafuna, akaacha kutafuna, akaendelea, akameza. Akanywa maji. Akanitazama kwa huruma, na mimi ile huruma ndiyo iliyonimaliza, ni afadhali angenisema. Akanena kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ulimi wanifa ganzi."

Nikaonja. Uchungu wa shubiri, halafu ulimi unakufa kweli, kama umeng'ata karafuu mbichi nzima. Baba mkwe, mungu amweke, akavuta sahani ya wali karibu yake na kusema, "Wali mzuri huu." Hakugusa tena kile kingine. Tulikula wali na mchicha, na yule kuku akabaki katikati ya meza kama mgeni asiyealikwa.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nafikiria tanuru la mama yangu kule Kigoma. Lilikuwa la udongo, mdomo wa kuni chini, wavu juu, na juu ya wavu kipande cha bati. Na kwenye ukingo, chini ya lile bati, kulikuwa na jiwe. Jiwe dogo la ziwani, kama yai la bata. Kazi yangu mimi mtoto ilikuwa kulisogeza: "Inua kidogo," "haya, rudisha." Miaka yote hiyo niliamini lile jiwe ni la kuzuia bati lisipeperuke na upepo! Kumbe upepo unazuiliwaje na jiwe lililo chini ya bati? Jiwe lilikuwa linaliinua bati. Lilikuwa njia ya moshi. Mama alikuwa ananifundisha, mimi nikawa nawaza kwenda kuogelea.

Moshi haukai. Moshi unapita. Moto unavuta hewa chini na kuisukuma juu. Ukiziba juu, hewa ya chini nayo inagoma kuingia, kuni zinafuka badala ya kuwaka, na zinazofuka ndizo zinazotoa ule moshi mweupe uliojaa majimaji meusi kama lami. Ukikosa pa kutokea unapoa mle mle ndani, na ile lami inamganda kuku. Ndiyo ile rangi ya kiatu. Moshi mzuri huuoni vizuri, ni mwembamba, wa rangi ya samawati hafifu, ukisimama pembeni unausikia kwa pua kabla ya kuuona kwa macho. Haya yote nilikuwa nayajua kwenye mikono yangu tangu nina miaka saba. Na nikayaachia kwenye kicheko cha muuza kahawa.

Kwa hiyo nilimrudia fundi. Nilikuwa nimetulia, nilijiambia nitaongea kistaarabu. Nikamweleza. Hakuacha hata kusugua chuma chake.

"Ulitumia kuni gani?"

"Mwembe."

"Ndiyo tatizo."

Mwembe siyo tatizo! Mwembe, mpera, mchungwa, miti mingi ya matunda ikikauka inafaa. Ingekuwa msonobari wenye utomvu ningemwelewa. Nikamwambia hivyo. Akasema basi ni kuku, hawa wa kisasa wana maji mengi. Nikamwambia kuku hana kosa. Ndipo akainua uso, akanitazama kutoka kwenye kandambili mpaka kwenye kilemba, akasema, "Mama, wewe umezoea gesi. Hivi vitu vinataka watu wavumilivu." Na tundu? "Tundu elfu kumi na tano. Pipa ulete mwenyewe."

Mimi. Wa Kigoma. Nimezoea gesi.

Sikumpelekea. Mtaani kwetu kuna kijana anatengeneza mageti, nikamwita, akaja na mashine zake, kazi ya nusu saa, elfu kumi. Alitaka kuniwekea kipande cha bomba la maji, lile lenye zinki, nikakataa, sitaki zinki karibu na moto wa chakula. Akatafuta bomba la chuma cheusi, akaliweka juu ya mfuniko, na kifuniko chake kidogo cha kuzungusha ili nifungue robo, nusu au lote. Jiwe la mama, lakini la chuma.

Jumapili iliyofuata, au ile nyingine, niliwasha tena. Jamani. Moto ulishika na kukaa. Kipimajoto kikasimama 120 kama kimepigiliwa misumari. Moshi ukawa unatoka juu kama uzi. Sikupepea hata mara moja, nilifua nguo mbili tatu, nikasuka mtoto nywele. Nusu saa ya mwisho nikafungua hewa yote joto lipande, maana ngozi ya kuku ukiiacha kwenye moto mdogo mwanzo mwisho inakuwa kama mpira wa baiskeli. Kwenye paja, 76. Nikamwacha apumzike dakika kumi na tano na ilikuwa dakika kumi na tano ndefu kuliko zote maishani mwangu.

Shemeji yangu alipoona wekundu karibu na mfupa akasema mbichi huyu. Nikamwonyesha kipimajoto. Nyama ya moshi inabaki na uwaridi chini ya ngozi, na ule wa karibu na mfupa ni rangi ya uboho wa kuku mchanga inayopenya, rangi peke yake haikwambii kama ameiva. Akala kwa mashaka. Halafu akala bila mashaka. Halafu akaomba mgongo, na mgongo ni wangu, nikamnyima.

Kwa hiyo pipa ni zuri? Ndiyo, nasema ukweli wa Mungu, pipa ni zuri. Mguu mmoja ni mfupi nimeuwekea kipande cha tofali, lakini alipochomelea hapajaachia hata uzi na nimeshalitumia kila baada ya wiki mbili tatu tangu wakati ule. Mfuniko ule ule niliokuwa nautukana unabana vizuri, joto halipotei ovyo, na sasa kwa kuwa lina pa kupumulia, kule kubana ndiko kunakolifanya liwe bora kuliko mapipa niliyoyaona kwa watu. Mkono wa fundi hauna tatizo. Ningekuwa nampimia mkono ningempa alama zote. (Jogoo wa kienyeji msimweke mzima bila kumchemsha kwanza. Nilimweka. Tusilizungumzie.) Nikafika mahali nikawa namwonea hata aibu, nikasema labda nilikuwa mkali, labda siku ile alikuwa na njaa, binadamu ni binadamu. Nilikuwa nimeshaandika ujumbe wa kumwelekeza rafiki yangu kwake.

Juzi nikapita pale. Nimeona mapipa manne mapya yamepangwa nje, yamepakwa rangi nyeusi. Yote yana bomba juu. Na kifuniko cha kuzungusha. Nadhani yule kijana wa mageti na yeye wanajuana, sijui. Nikasogea. Alikuwa na mteja, mama wa makamo kama mimi, ananyoosha kidole kwenye bomba anauliza hili la nini. Fundi akaweka mkono kiunoni.

"Mama, moshi lazima upite. Moshi ukikaa unamharibu kuku. Watu wengi hawalijui hili."

Nilisimama nyuma yao, mfuko wa sokoni mkononi. Aliniona. Akanipungia mkono kwa furaha, kama ndugu, "Mama Kigoma! Karibu!" Kisha akamgeukia mteja wake akamtajia bei. Laki mbili na ishirini. Bomba, alisema, linaongeza gharama.