Uzoefu wangu: wakala aliyetupangia safari ya Lima, Cusco na Machu Picchu

Shangazi yangu alifundisha historia sekondari hadi alipostaafu, na sehemu ya kiinua mgongo chake aliitenga kwa jambo moja: kuyaona kwa macho yake mawe ya Wainka, waliotawala milima ya Peru kabla ya Wahispania. Mimi nilikuwa msindikizaji wake. Tulimtumia wakala wa safari wa Dar es Salaam anayeshirikiana na wenzake wa Peru. Tulianza kupanga Novemba, tukasafiri Mei, mvua za milimani zikiwa zimekwisha na umati wa Inti Raymi, sikukuu ya jua ya Wainka, tarehe 24 Juni, ukiwa bado haujafika.

Ratiba ya kwanza niliirudisha siku ileile. Ndege ilipitia Miami, na Mtanzania anahitaji viza ya Marekani hata kama anabadilisha ndege tu. Wakala akatutafutia njia nyingine: Addis Ababa, São Paulo, Lima, yote kwa tiketi moja. Ni safari ya kuchosha, lakini tuliunganisha ndege bila kutoka nje ya eneo la abiria. Kama unasafiri kwa pasipoti ya Tanzania, lisome hili kwanza kabla ya kutazama bei.

Kosa la pili lilinitia hofu zaidi. Cusco iko mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ataelewa haraka: Mandara ni mita 2,720, Horombo ni 3,720, na Cusco ni mji mzima uliokaa katikati ya vituo hivyo. Kilimanjaro unapanda kwa miguu, mwili ukizoea polepole. Kutoka Lima, mji wa pwani, ndege inakufikisha Cusco kwa saa moja na kitu. Ratiba ilitaka tutue asubuhi, kisha mchana uleule tupande kwenye kuta za Wainka za Sacsayhuamán, juu zaidi ya mji. Kwa mama wa miaka 63!

Niliomba mpangilio ugeuzwe: tukitua tu, tushuke Bonde Takatifu tukalale Ollantaytambo, kama mita 2,800, kisha Machu Picchu, magofu ya mji wa Wainka, mita 2,430, na Cusco ibaki mwisho. Walibadilisha bila kutoza hata senti, na hapo nilianza kuwaamini. Usiku wa kwanza Shangazi aliumwa kichwa kidogo, akanywa chai ya majani ya koka ambayo hoteli huwawekea wageni, asubuhi akaamka mzima. Tulipofika Cusco siku nne baadaye, alitembea vichochoro vyake vya mawe bila kuhema.

Tiketi za Machu Picchu ndipo wakala alipoteleza kweli. Siku hizi tiketi inaandikwa jina na namba ya pasipoti, saa ya kuingia, na mzunguko utakaoufuata. Ukishauchagua, huwezi kuhamia mwingine ukiwa ndani. Tuliletewa mzunguko wa 1, unaopita juu kwenye matuta na kukupa ile picha maarufu, lakini hauingii katikati ya majengo. Shangazi alitaka kupita kwenye milango ile. Tiketi hairudishwi pesa. Nilipowapigia, walikiri kwamba hawakutuuliza, wakanunua za mzunguko wa 2 kwa gharama yao, soli 152 (fedha ya Peru) kila mmoja. Bahati ilikuwa miezi minne mbele. Karibu na Juni au Julai nafasi huisha mapema.

Treni ya kutoka Ollantaytambo hairuhusu masanduku makubwa, kwa hiyo tuliyaacha hotelini tukabeba mikoba midogo. Jambo lingine ambalo wakala angepaswa kutuambia: ndani ya magofu hakuna choo, kipo langoni tu. Ukiwa na mzee, hilo si dogo.

Lakini ukungu ulipofunguka, ngazi zile za mawe zikaonekana zikishuka kuelekea mto Urubamba, Shangazi alinishika mkono akanyamaza muda mrefu. Wataalamu wengi wanauona mji huu kuwa wa mfalme Pachacuti, wa karne ya 15. Mtafiti Mmarekani Hiram Bingham alifika mwaka 1911, na Shangazi alinisisitizia kwamba wakulima wa huko walikuwa wakilima kwenye matuta yale tayari. "Mwanangu, usiseme aligundua," aliniambia. "Alionyeshwa."

Cusco tulipewa siku mbili, ningeomba tatu. Qorikancha peke yake ilitumaliza nusu siku. Lilikuwa hekalu la jua. Wahispania wakajenga juu yake konventi, yaani nyumba ya watawa, ya Santo Domingo. Tetemeko la Mei 1950 liliiharibu vibaya konventi, huku kuta za Wainka zikibaki zimesimama, zimeinama kidogo kwa ndani, mawe yameshikana bila chokaa. Shangazi, aliyewahi kupeleka wanafunzi Kilwa Kisiwani, alilitazama sana hilo: kule kwetu matumbawe yanashikwa na chokaa, hapa jiwe linashikwa na umbo la jiwe jirani. Tiketi ya pamoja ya vivutio vya Cusco, inayodumu siku 10, inafungua Sacsayhuamán, Pisac na Ollantaytambo, lakini si Qorikancha wala Machu Picchu. Wekeni fedha ya ziada.

Ninawapa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeiondoa kwa sababu ratiba nzuri tuliyoipata ilitokana na maswali yetu, na asiyejua kuuliza angepewa ile ya kwanza.

Lima walitupangia nusu siku tu ya kurudi: Plaza Mayor na makaburi ya chini ya kanisa la San Francisco. Shangazi aliomba kituo kimoja zaidi. Jumuiya yetu ndogo ndogo inaitwa ya Mtakatifu Martin de Porres, na Martin alizaliwa Lima mwaka 1579, mama yake mwanamke mweusi aliyewahi kuwa mtumwa. Masalia yake yako konventi ya Santo Domingo ya Lima, si ile ya Cusco, hatua chache kutoka Plaza Mayor. Dereva akakubali kutungoja. Shangazi akatoa kwenye pochi karatasi yenye majina ya wanajumuiya wote, akapiga magoti, akayasoma moja moja.