Kolisi au McCaw: nahodha yupi wa kuigwa?

Mjadala huu hauishi kwa wapenzi wa raga. Wote wawili ni maflanka, yaani wachezaji wa mbele wanaogombea mpira, na kila mmoja amenyanyua Kombe la Dunia mara mbili akiwa nahodha: Richie McCaw wa New Zealand 2011 na 2015, Siya Kolisi wa Afrika Kusini 2019 na 2023.

Kwa kudumu uwanjani, McCaw ndiye: mechi 148 za kimataifa, 110 kati ya hizo akiwa nahodha. Aliongoza kwa mwili, akigombea mpira chini kwenye rundo la watu, hatua moja tu kutoka filimbi ya refa.

Kuunganisha watu ni kwa Kolisi. Mtoto huyu wa Zwide, kitongoji cha Afrika Kusini, alipewa unahodha 2018, Mweusi wa kwanza kuiongoza Springboks, timu ya taifa ya Afrika Kusini, kwenye mechi za kimataifa. Mara nyingi hutolewa kipindi cha pili. Wapo wanaouita huo udhaifu. Mimi naona timu isiyomtegemea mtu mmoja.

Una benchi jembamba? Tafuta McCaw wako. Una wachezaji wa kutosha lakini hawaelewani? Kolisi atakufaa zaidi.