Samba kwenye Linux: faili za nyumba nzima bila flashi wala bando

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo tunachambua Samba, programu ya bure inayoifanya kompyuta yako ya Linux kuwa ghala la faili la nyumba nzima. Aliyeianzisha ni Andrew Tridgell wa Australia, mwaka 1992, na mpaka leo ndiyo inayoziwezesha Linux na Windows kuelewana kwa itifaki ya SMB, yaani lugha ya kushirikiana faili kwenye mtandao. Mac inaielewa pia, na hata simu ya Android ukiweka programu ya VLC. Kila kitu kinapita kwenye ruta yako ya ndani, kwa hiyo bando likikata, sinema inaendelea.

Mimi natumia Ubuntu. Angalieni skrini: sudo apt install samba. Nikishatengeneza folda ya /srv/familia, nafungua faili la mipangilio, /etc/samba/smb.conf, nashuka hadi chini kabisa, naandika hivi:

[familia]
path = /srv/familia
read only = no
valid users = asha

Sasa hapa tutulie, maana ndipo wengi wanapokwama. Samba ina nywila zake, mbali na ile unayoingilia kwenye kompyuta. Asha lazima awe tayari mtumiaji wa Linux, lakini nywila yake ya Samba unaiweka peke yake: sudo smbpasswd -a asha. Ukiruka hatua hii, Windows itakukatalia hata ukiandika nywila ya Linux bila kukosea herufi.

Kuna na hili. Umeandika read only = no, faili unaziona, ila ukijaribu kuweka jipya linagoma. Folda bado ni mali ya root, yaani mtumiaji mkuu wa Linux, na ruhusa za Linux ndizo zenye kauli ya mwisho. Andika sudo chown asha /srv/familia, imekwisha.

Kisha testparm ikukague maandishi ya smb.conf, na sudo systemctl restart smbd kuiwasha Samba upya. Kama umewasha ufw, ukuta wa moto (firewall) wa Ubuntu, ongeza sudo ufw allow samba. Kwenye Windows unaandika \\192.168.1.10\familia, ukiweka anwani ya kompyuta yako.

Kasi? Kwa waya wa gigabiti moja unakaribia megabaiti 110 kwa sekunde, diski ikiwa nzuri. Kwa Wi-Fi inashuka sana, kwa hiyo mwenye video nzito avute waya. Kinachoniudhi ni kwamba Windows mara nyingi haiionyeshi kompyuta kwenye orodha ya mtandao mpaka uongeze programu ya wsdd.

Kwa matumizi ya nyumbani naipendekeza bila kusita. Ila nawasihi, msifungue lango (port) 445 la ruta, linalotumiwa na SMB, kuelekea intaneti. WannaCry ya Mei 2017, programu hasidi iliyofunga faili za watu na kudai fidia, ilienea kupitia udhaifu wa SMB toleo la kwanza kwenye Windows, na Samba 4.11 ya mwaka 2019 ikalizima toleo hilo la SMB, lisiwake mpaka uliwashe mwenyewe. Mtu akikwambia uongeze server min protocol = NT1, yaani ulirudishe toleo hilo la kwanza, ili televisheni ya zamani isome, kataa. Hiyo televisheni ichomekee flashi.